Narcisse wa Dashibodi na Homa ya Pikapu

Ukimtafuta Narcisse ulianza na miguu yake. Ilitokeza mlangoni mwa gari la mtu, viatu vimevuliwa na kupangwa chini vizuri, utadhani mwenyewe ameingia msikitini. Sehemu iliyobaki ya Narcisse ilikuwa huko ndani, chini ya usukani, ikiimba nyimbo za kwaya kwa maneno yasiyo ya kanisani.

Mimi Verediane nilikuwa nauza chai na sambaza za kukaanga, wale dagaa wa ziwani, kando ya barabara ya kwenda mpakani, hapa Gisenyi. Yeye alikuwa jirani yangu ukuta kwa ukuta, ikiwa mabati yenye kutu yanaweza kuitwa ukuta. Nazungumzia mwaka wa tisini na tisa, barabara ya Mudende, kule milimani, ilipoanza kupitika tena na viazi vikawa vinashuka mjini kila asubuhi.

Mafundi wengine waligombania injini na gia. Narcisse alichukua walichokidharau: dashibodi, ambayo sisi huita tablo, na vile vioo vyake vyenye mishale ya mwendo, mafuta na joto. Aliichomoa taratibu, akatoa kebo ya mwendo kwa nyuma, akailaza kifudifudi juu ya gunia safi. Mgongoni mwake kuna ngozi nyembamba ya plastiki yenye njia za shaba, na zile njia alizisugua kwa raba ya wanafunzi mpaka zing'ae. Kebo ikikauka, mshale wa mwendo hutikisika kama mkia wa ng'ombe mwenye nzi. Aliipaka grisi kidogo sana, akisema ikizidi itapanda mpaka ndani ya kipimo chenyewe na kukiharibu. Mishale iliyofifia aliipaka rangi nyekundu ya kucha ya dada yake Nyiraneza, ambaye kila wiki aliapa kumshtaki kwa padri.

Nilijifunza kazi ile bila kutaka, maana alikuwa anaifundisha kwa sauti, hata kwa watu waliokuja kununua sambaza. Mshale wa mafuta na wa joto ikipanda yote pamoja, alisema, usikimbilie injini. Tafuta kile kidude cha nyuma kinachoigawia yote miwili umeme, au angalia kama waya wa kwenda kwenye bodi umelegea. Mpaka leo nikipanda gari natazama mishale kwanza, dereva baadaye.

Kazi aliijua. Ila alikuwa na mdomo. Narcisse hakuweza kuona mzaha ukipita bila kuudaka. Mtu akianguka, kabla hajafika chini Narcisse ameshapata la kusema.

Siku moja ikaja pikapu ya buluu yenye matope ya Mudende. Akashuka mzee mrefu mwenye kofia ya pama, jina lake Kimenyi, mmoja wa wale waliorudi kutoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Masisi. Alisimama mbali kidogo na gunia la Narcisse, mikono nyuma.

"Kijana, huu mushale wa joto haupandake," alisema. "Iko chini kila siku. Bon, voiture yangu haijuake kuchoka, lakini polisi wa barabarani anasema tablo imekufa."

Narcisse akafungua boneti. Kwenye injini kuna kipande kidogo cha shaba kinachoitwa sonde, kinachopima joto la maji na kulipeleka kwa waya mmoja hadi kwenye mshale. Aliuchomoa ule waya, akamwambia mzee akae kwenye usukani, afungue swichi bila kuwasha injini, na atazame mshale. Kisha akaugusisha waya kwenye chuma cha injini. Kipimo kikiwa kizima, mshale lazima ukimbie mpaka kwenye nyekundu. Hicho ndicho kipimo cha kipimo, na fundi mwenye adabu humwonya mteja kabla.

Mshale ukakimbia. Mzee Kimenyi akatoka garini ameshika kofia, akavuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, akafika mpaka kwenye kikaango changu.

"Inawaka," alikuwa anasema. "Motere inawaka."

"Mzee, rudi," Narcisse akaita. "Ni mi nilikuwa nakusalimia."

Walicheka wabadilisha fedha, wakacheka wabeba mizigo, na mimi nilicheka mpaka nikakalia kiti cha mteja. Mzee hakucheka. Narcisse alimweleza kwamba waya ni mzima na kipimo ni kizima, kilichokufa ni sonde. Akapata nyingine kwenye gari bovu. Kabla ya kuifunga alitaka kuijaribu, kwa hiyo akaifunga nyaya mbili ndefu za kutoka kwenye pikapu, mmoja kichwani na mwingine mwilini, akaitumbukiza kwenye birika langu. Chai ilivyozidi kupata moto, mshale nao ukapanda polepole, vizuri kabisa. Nilimtukana ukoo mzima. Chai ile ilipaswa kumwagwa. Niliwauzia madereva wa malori.

Haikupita wiki, pikapu ya buluu ikarudi, na mara hii mzee hakusimama mbali.

"We umetia voiture yangu homa," alisema. "Nilikuwa napanda Mudende na viazi, mushale ukafika ku rouge, ku nyekundu kabisa."

"Mzee, mi nilitengeneza kipimo. Homa ulikuja nayo."

"Mbele ya we kuigusa, mushale ulikuwa chini. Sasa iko juu. Nani aliupandisha? Ondoa ile waya, uurudishe chini kwenye uliukuta."

Narcisse alimjibu vizuri, nashuhudia. Alisema maji ndani hayatembei, rejeta imeziba, aipeleke kwa fundi wa rejeta ikasafishwe kabla injini haijafa. Waya ule hatautoa, kwa sababu kumziba mgonjwa mdomo si kumponya. Angeishia hapo angekuwa mtu mzima. Lakini wabadilisha fedha walikuwa wameshasogea kusikiliza, na yeye akaona hadhira.

"Ama uipeleke ku dispensaire," aliongeza, akiiga usemi wa mzee. "Ipange mustari na watoto wa malaria. Waiwekee kipimo chini ya kwapa."

Kicheko kikafika mpaka kwa askari wa kizuizi cha barabarani. Mzee Kimenyi akavaa kofia yake vizuri, akasema, "Tutaonana," akaondoka na pikapu yake yenye homa.

Sasa nimlete Mutoni. Alikuwa fundi cherehani wa Kanzenze, msichana mwenye macho makali na maneno machache, na Narcisse alikuwa amempenda mpaka anakata kucha. Tarehe ya gusaba, yaani ya kwenda kuposa, ilikuwa imeshapangwa. Jioni moja Mutoni alikuwa amekaa kwenye benchi langu akituhesabia watu wa kwao. Baba yake amekufa, alisema, kwa hiyo atakayeongea kwa niaba ya familia ni baba yake mdogo, yule mwenye pikapu ya buluu na kofia ya pama.

Narcisse aliweka kikombe chini. Niseme kweli, nilianza kwa kufurahi. Kisha nikamwona anakigeuza kile kikombe kifudifudi, chai ingali ndani, na furaha ikanitoka. Alimweleza Mutoni yote, hata lile la kwapa.

"Baba mudogo akisema hapana, mama hatamupinga," Mutoni alisema. "Na ile rejeta, nilimwambia zamani aipeleke kwa fundi, akanifukuza. We siku ile mudomo wako ubakie Gisenyi. Ukichekesha watu hata mara moja, mi nimepotea."

Kwetu siku ya gusaba bwana harusi haongei. Msemaji wake anaomba, msemaji wa upande wa msichana anajifanya hajui mmefuata nini, anawachimbulia makosa ya tangu enzi za mababu, mnatozwa faini ya pombe, watu wanacheka, na mwishowe binti anatolewa. Makosa huwa ya kutunga. Yetu yalikuwa ya kweli.

Siku ilipofika, huko Kanzenze, msemaji wetu alikuwa Anastase, katekista mstaafu, asiyejua gari zaidi ya mahali pa kukaa. Mzee Kimenyi alisimama mbele yake na fimbo na kitambaa cheupe kilichofungwa begani, akaacha Kinyarwanda cha heshima na kushika Kiswahili, jambo ambalo huwa analifanya akikasirika.

"Kati yenu iko mutu alinitilia voiture homa, halafu akanichekesha watu. Mi simupatie binti mutu mwenye kuharibu kitu na kucheka."

Watu wakacheka wakidhani ni mchezo. Mama yake Mutoni hakucheka. Nilimwona anaikunja na kuikunjua khanga yake, na nikajua hapa hakuna mchezo.

"Tutalipa kreti," Anastase akasema.

"Sitaki kreti. Mukuje muone."

Tukatoka wote mpaka kwenye pikapu, iliyokuwa imetoka kupandisha mlima na mzigo wa bia. Akawasha injini, akaiacha ikinguruma, akawaonyesha wazee mshale ulivyolala kwenye nyekundu. "Huyu mushale ni muongo," alisema. "Maji iko tele, na imetulia. Nitafungua kwa mukono wangu, muione." Akainua boneti, akaweka tambara juu ya kifuniko cha rejeta, akaanza kukizungusha.

"Mzee, usifungue!"

Ilikuwa sauti ya Narcisse. Alikuwa ameshamrukia na kumvuta kwa kile kitambaa cha begani. Kifuniko kikaruka. Kilichofuata hakikuwa maji. Kilipanda juu kuliko mgomba, kikatawanyika, kikatuangukia, kizito, cha kahawia, chenye mvuke. Shangazi mmoja alijipangusa shavu, akasubiri kipoe, akakionja.

"Huu ni uji wa mtama," alisema.

Ndipo mzee alipokiri, kwa sauti ndogo, kwamba rejeta iliwahi kuvuja njiani, na mtu akamshauri aitilie unga ili uzibe tundu. Uliziba. Akawa anaiongezea kila ilipovuja.

Watu wote, sisi tuliotoka Gisenyi na wao wa Kanzenze, tulimgeukia Narcisse. Hata mzee alimgeukia. Uji ulikuwa unamtiririka kwenye ukingo wa kofia, na alisimama wima akingoja apigwe. Mzaha ulikuwa pale, umeiva, umepakuliwa. Niliona midomo ya Narcisse inafunguka.

"Mzee, imekuunguza wapi?" aliuliza.

Kimenyi alimchunguza usoni kwa muda mrefu, akitafuta kicheko. "Ni kidogo," alisema. "Ni hapa ku mukono."

Narcisse akaomba maji baridi, akamwagia ule mkono polepole mpaka mzee mwenyewe akasema basi. Kisha tukarudi kukaa, tukinuka kifungua kinywa.

"Bwana harusi wenu aliongea bila ruhusa," mzee akaanza, akasafisha koo. "Mutalipa kreti moja. Na binti, bon, tumewapatia."

"Na ile waya?" aliuliza Anastase, ambaye tulikuwa tumemsimulia yote na hakuwa ameelewa chochote.

"Iache."

Mutoni akatolewa nje na mashangazi zake, amevaa mushanana, vazi letu la sherehe, macho chini inavyotakiwa, akaketishwa karibu na Narcisse. Alikuwa ameona yote kupitia dirisha. Narcisse akainama, akamnong'oneza kitu kifupi sikioni. Mutoni akajiziba uso kwa pindo la nguo, mabega yakaanza kumtikisika, na mashangazi, wakidhani analilia kumwacha mama yake, wakamzunguka wakaanza kumbembeleza.