Ngano Ndani ya Friji ya Mama

Watu wa Kitengela wakisikia unasomea ngano inayostahimili barafu, wanakuuliza barafu iko wapi. Nilikuwa nimechoka kujibu. Huko juu milimani, sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, ikianguka asubuhi moja tu, shamba zima la ngano hulala chini kama sukuma wiki iliyochemshwa. Msimamizi wangu alitaka kujua kwa nini ngano ya nchi zenye majira ya baridi hailali. Shahada yangu ya pili ilikuwa ndani ya swali hilo, na chumba cha baridi cha chuo kilikuwa kimeharibika.

Nyumbani tulikuwa na friji. Ndugu zangu walimnunulia Mama alipohamia kwangu kutoka magharibi, ili insulini yake isiharibiwe na joto. Nilimwomba rafu mbili. Akanipa tatu, akabaki na nafasi ya kichupa chake na pakiti ya maziwa.

Nilitia taa ndani, kwa sababu gizani ngano haitengenezi sukari, na sukari ndiyo siri yenyewe. Ukiuzoesha mche baridi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, unapunguza kukua na kujiwekea akiba ya sukari pale shina linapoanzia. Barafu ikija, maji yaliyomo hayagandi upesi, na seli hazipasuki. Mche uliotolewa kwenye joto moja kwa moja hauna akiba, basi unakufa. Nilimweleza Mama haya yote akichambua mboga. Alisikiliza vizuri kuliko msimamizi.

"Kumbe hiyo inajiwekea sukari," akasema, "na mimi kila siku naambiwa nipunguze."

Wiki ya mwisho niliingiza na miche mingine iliyokuwa imekaa dirishani, nikazungusha swichi ya friji hadi mwisho, nikaomba mlango usifunguliwe ovyo. Siku nne nilisoma kipimajoto kama mtu anayesoma barua ya kuajiriwa. Maziwa yakawa jiwe. Nikafurahi.

Siku ya tano Mama alikunywa maji jagi baada ya jagi, kisha akashindwa kusimama. Kitanda tulikipata hospitali ya Kajiado. Muuguzi akamuuliza dawa anaiweka wapi.

"Kwa friji," Mama akajibu kwa fahari. "Siku hizi inatoka ikiwa barafu kabisa. Naiweka kwa kwapa mpaka iyeyuke, ndio najidunga."

Muuguzi akanigeukia mimi. Alisema insulini ikishaganda haifai tena, hata ikiyeyuka. Mimi, mtaalamu wa kueleza baridi inavyoharibu, sikuwa nimekifikiria kile kichupa hata mara moja. Nilijichukia, na sijamaliza.

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Si ulisema tusifungue-fungue? Nilikuwa nafungua mara mbili tu kwa siku, tena haraka."

Kesho yake sukari ilipoanza kushuka, swali lake la kwanza lilikuwa kama ngano ilipona. Nilitamani kumwambia ilikufa yote, maana niliona ndiyo adhabu niliyostahili. Lakini alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto akingoja, nikamwambia ukweli, nilivyoiona alfajiri nilipopita nyumbani. Ile iliyozoeshwa baridi ilipona karibu yote. Ile ya dirishani ilikufa.

Akarudisha kichwa kwenye mto.

"Asante Yesu," akasema. "Basi sikuharibu."