Manusura wa Kukodi

Nikikutana na mtu mjini akaniangalia mara mbili halafu akaanza kutabasamu peke yake, najua tayari huyu ameiona ile video, na siwezi kukana kwa sababu mle ndani nimevaa fulana ya zambarau yenye jina la shirika kifuani, nimeshika maikrofoni kwa mikono miwili, na ninasema maneno ambayo mpaka leo mama yangu kule Bungoma hunipigia simu kuniuliza, "Nafula, lakini kwa nini ulisema vile?" Sijui, mama. Haya, wacha niwaambie vile ilikuwa, mcheke mara moja tumalize.

Mimi ni afisa wa mawasiliano wa shirika dogo linalotetea wanawake waliopigwa na waume zao. Ofisi yetu iko Kileleshwa, ghorofa ya nne, kwenye nyumba ya vyumba vitatu ambayo chumba kikubwa cha kulala ndiyo ofisi ya Madam (mkurugenzi wetu, na hakuna anayemwita jina lake, hata mumewe nilimsikia akimwita Madam). Kazi yangu ni kuandika masimulizi ya hao wanawake na kuwapiga picha, na picha zenyewe ni za aina moja tu, mama ametupa mgongo, anaangalia nje dirishani. Dirisha letu linatazama ukuta wa jirani na kamba za nguo, lakini wafadhili hawajui hilo, wao wanaona mama anatafakari. Nimeifanya hiyo kazi miaka sita. "Usicheke, mama, angalia nje." Nadhani hakuna sentensi nimeisema mara nyingi kuliko hiyo.

Sasa, kituo kimoja cha televisheni kikatangaza tamthilia mpya, na ndani yake kuna mchungaji anayewashauri wanawake wanaopigwa, anawashika mabega, anawaponya mioyo. Huyo mchungaji wakampa mwigizaji fulani ambaye jiji zima linajua alimpiga mke wake. Si uvumi, alikiri mwenyewe mbele ya hakimu, halafu akatoka mahakamani akipunga mkono kama mtu aliyeshinda uchaguzi! Watu walipolalamika, kituo kikajibu kwamba wamechagua sura ambayo watazamaji wanaiamini. Madam aliposoma hayo alipiga meza mpaka chai ikamwagika. Akasema tutatoa tamko, na litasomwa mbele ya kamera, Alhamisi saa nne, hoteli moja hapo katikati ya jiji, na baada ya tamko atasimama manusura mmoja aongee kwa mdomo wake. Halafu akaenda zake warsha ya siku mbili, akaniachia mimi mipango yote.

Manusura nilikuwa naye tayari. Bi Mwanaidi, fundi wa nguo, ana cherehani yake kwenye jengo moja huko River Road, mtu wa Mombasa, miaka hamsini na kitu, sauti yake unaisikia kabla hujafika mlangoni. Huyu hatukumtafuta, alijileta.

"Mwanangu," aliniambia, "mie sitaki hizo picha zako za kugeuzia watu mgongo. Mie nataka taarifa ya habari ya saa moja."

Nikamuuliza, kwa nini saa moja? Akaniambia ana binti, Rehema, ameolewa, anaishi papa hapa Kileleshwa, na mumewe anampiga. Mama amesema mpaka amechoka, na kila akisema binti anamjibu kwamba yeye ana chuki na wanaume kwa sababu ya ndoa yake mwenyewe.

"Mimi hanisikilizi," akasema. "Lakini taarifa ya saa moja haimpiti. Akiniona mamake mle ndani, nimesimama, nasema mbele ya watu wazima na akili zao, huenda akaketi akasikia. Basi. Sina haja nyingine."

Nikayaandika yote kwenye daftari, na hiyo ya Rehema nikaipigia mstari, kwa hiyo msinitetee kwamba sikujua.

Jumanne akaja ofisini tufanye mazoezi. Akavua buibui, ndani ana dera jekundu, wanja umekolea, hina mpaka karibu na viwiko, akakaa akaanza. "Alinivunja mkono huu wa kushoto. Nikamwambia, haya bwana mkubwa, sasa atakupikia nani? Wiki tatu alikula mayai ya kuchemsha. Na hayo mayai aliyaunguza! Nionyeshe mtu mwingine wa kuunguza yai la kuchemsha, n'takushonea gauni bure!" Ofisi nzima ilicheka, mhasibu wetu alicheka mpaka akatoka nje kwenye ngazi, na mimi pia nilicheka, halafu nikaingiwa na baridi. Nikaanza kuona kamera, nikaona wafadhili wakitazama, nikaona huyu mama mwenye hina akichekesha watu siku ya tamko zito namna hiyo, nikajiuliza, nani ataamini huyu alipigwa?

"Bi Mwanaidi," nikamwambia kwa sauti ile ya kazini, "unaweza kusema bila kucheka?"

Akaniangalia kwanza. "Nililia miaka kumi na tatu, mwanangu. Zamu hiyo imekwisha."

Mtu mwenye akili angesikia hapo. Mimi nikatikisa kichwa nikaenda nyumbani nikiwaza kwamba huyu mama hafanani na manusura, na nikiwa bado kwenye ngazi nikakutana na Shiku. Shiku ni jirani yangu wa ghorofa ya tatu, anaigiza, yuko kwenye kikundi cha maigizo cha kanisa moja Lavington, na ukimwambia alie anakuuliza jicho gani. Hapo ndipo shetani alipovuta kiti akakaa. Nikampa maneno ya Bi Mwanaidi, nikayatoa mayai, nikamwambia avae kitambaa cha kijivu na asipake chochote usoni. Moyoni nikajiambia hii inaitwa kumlinda mhusika, kwani mashirika si hubadilisha majina kila siku? Mimi nimebadilisha na uso tu.

"Hii itatoka siku gani?" Shiku akaniuliza.

"Alhamisi."

"Alhamisi... sawa, haina noma. Nafikiri."

Hilo "nafikiri" nililipita hivi hivi. Jumatano nikampigia Bi Mwanaidi nikamwambia ratiba imebanana, sasa yeye atakuwa mgeni wa heshima, akae tu, astarehe. Akaniuliza, "Na taarifa ya saa moja?" Nikamwambia ataonekana. Nilimdanganya mama wa watu, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Hiyo ndiyo aibu yenyewe, haya mengine ni matokeo.

Alhamisi ikafika. Ukumbi umejaa, waandishi wameitika (kulikuwa na sambusa, lakini tuseme waliitika wito wa haki), bango limenyooka, tukaomba, tukatambulishana, Madam akasimama akasoma tamko nililoandika mimi. Alipofika pale, "Maumivu ya wanawake si vazi la mtu yeyote kujivalia mbele ya kamera," alinyamaza kidogo ili waandike, na mimi kule pembeni nikatikisa kichwa kwa uchungu kama mtu ambaye halimhusu. Halafu akamkaribisha manusura wetu, na akapanda Shiku.

Niseme haki, Shiku anajua kazi. Neno la tatu chozi lilikuwa limeshafika kidevuni, akafuta pua kwa ncha ya kile kitambaa, akashika mkono wake wa kulia akaanza kuutetemesha. "Alinivunja mkono huu," akasema, na kutoka viti vya nyuma, karibu na meza ya chai, ikapaa sauti ninayoijua.

"Siyo huo!"

Ukumbi ukageuka wote. Bi Mwanaidi amesimama, begi kwapani. "Mkono ni wa kushoto, mwanangu. Huo wa kulia ndio niliompigia mwiko."

Mwandishi mmoja dada, amekaa mbele kabisa, akainua kalamu. "Samahani, kwani hii stori ni ya nani?"

"Yangu," akasema Bi Mwanaidi. "Huyo simjui. Ila analia vizuri, sikatai."

Mimi nilikuwa nimeanza kurudi nyuma polepole kuelekea mlango wa jikoni, na labda ningefika, lakini mpiga picha mmoja akatoa simu yake. "Ngojeni, ngojeni. Huyu msichana si ndiye ako kwa ile tamthilia? Si wametoa kionjo leo asubuhi?" Akaongeza sauti mpaka mwisho, akaiinua juu, na wote tukamwona Shiku, kitambaa kile kile cha kijivu, pua ile ile, amepiga magoti, analia mbele ya mchungaji, na mchungaji ni yule mwigizaji tuliyekuja kumlaani. Walimpa nafasi ya mke anayepigwa! Walikuwa wamemkataza kusema mpaka itangazwe, na yeye akadhani kazi ni kazi, hazitakutana.

"Nafula!" Shiku akalia, safari hii kweli, na maikrofoni iko wazi. "Si uliniambia ni kazi ya siku moja?" Akashuka jukwaani akakimbilia ngazi, na kamera tatu nyuma yake.

Yule dada wa mbele hakukimbia, aliona nyama imebaki mezani. "Madam," akasema kwa upole, "mnalaani televisheni kwa kumpa nafasi mtu asiyefaa. Nyinyi hapa mlifanya usaili wa watu wangapi?"

Madam aligeuka polepole. Amekaa uongozini miaka mingi, anajua wakati wa kushika maikrofoni na wakati wa kuiachia. "Nafula atajibu," akasema.

Na mimi, jamani, badala ya kuzimia, nikajibu. "Sisi," nikasema, "tulichagua sura ambayo watazamaji wataiamini."

Kicheko kilichotoka pale mpaka wahudumu walichungulia. Ndiyo hiyo video. Sekunde tisa. Waliokuwa wamebaki wakakunja vifaa vyao wakakimbilia chini kumtafuta Shiku, na ukumbi ulipobaki viti, Bi Mwanaidi akapanda jukwaani, akaishusha maikrofoni ifike kinywani mwake, akasema yote aliyokuja kusema. Alisema vizuri kuliko mtu yeyote niliyemwandika kwa miaka sita. Waliomsikia ni mimi, Madam aliyeshika kichwa, na mhudumu mmoja aliyeweka chini sinia la sambusa ili apate kupiga makofi.

Saa moja nilikaa mbele ya televisheni kama anayesubiri hukumu. Nilikuwepo. Shiku akishuka ngazi alikuwepo. Bi Mwanaidi walimwonyesha pia, akipaza "Siyo huo!", halafu watangazaji wawili wakacheka wakaenda kwenye michezo. Kesho yake kile kituo cha tamthilia kikatushukuru rasmi kwa kutambua kipaji cha mwigizaji wao, na mchungaji akasema anatuombea. Madam hakunifukuza, aliniambia niandike tamko la kuomba radhi, akanirudishia mara nne.

Ijumaa jioni nikaenda River Road. Bi Mwanaidi anashona, hakuinua kichwa.

"Rehema alinipigia jana," akasema. "Ananiuliza, mama, siku hizi umekuwa kichekesho cha tivi?"

Nililia pale pale nimesimama.

"Usinililie hapa, utaniloweshea nguo ya mteja." Akasimamisha cherehani. "Jumapili tutakwenda kwake. Wewe utamwambia ulichofanya, chote. Halafu utanyamaza, niseme mimi."

Jumapili tukaenda. Ni dakika tano kutoka ofisini kwetu, nimepita lile lango mara ngapi sijui. Mume hakuwepo. Rehema akatufungulia, amevaa mikono mirefu na jua lile lote, televisheni inawaka, kionjo cha ile tamthilia kinarudiwa. Akatuletea juisi na uso umefungwa. Nikamwambia, nikiangalia zulia, kwamba mama yake hakwenda pale kuchekesha mtu, kwamba alikwenda kwa ajili yake, na mimi ndiye niliyempokonya nafasi kwa sababu niliona hana sura ya kupigwa. Rehema akachukua rimoti, akapunguza sauti, hakuzima.

Bi Mwanaidi akaanza. Akasimulia siku aliyoondoka kwa mumewe, alivyong'oa kichwa cha cherehani akakibeba begani mchana kweupe, akaiacha meza yake, na majirani wakidhani anahamisha kiwanda. Alicheka, ndivyo alivyo, huwezi kumgeuza.

"Na mkasi niliubeba mimi," akasema Rehema.

Rehema alikuwa akiangalia mikono yake. "Ulinifungia kwenye kanga usinichome. Nilikuwa na miaka saba. Nilifurahi, mama. Sijawahi kukwambia, lakini nilifurahi." Halafu akavuta juu ule mkono wa nguo mpaka kwenye kiwiko, taratibu, akatuonyesha.

Nikafungua mdomo. Mazoea ni mabaya, nilikuwa tayari na swali zuri kabisa. Bi Mwanaidi akanikanyaga mguu bila kunitazama, kwa kisigino, nikafumba mdomo. Rehema akasema mpaka alasiri. Aliyoyasema siwaambii, msiniulize.