Uvimbe wa Mfaume

Bibi Mwahija hakumpokea mtoto bila kumpapasa magoti. Unampa shikamoo, mkono wake tayari uko chini ya goti lako, unatafuta. Akikosa ndipo huitikia marahaba.

Yeye na kaka yake Mfaume, walipokuwa wadogo kijijini nyuma ya Kivinje, waliota uvimbe mgumu kwenye mfupa, chini kidogo ya goti. Haukuuma. Ulikua nao, na walipoacha kukua nao ukaacha. Mama yao alimchanja Mfaume chale juu yake, akampaka dawa. Uvimbe ukabaki, na kovu nalo.

Wakati wa Maji Maji, Mfaume alishuka Kivinje kutafuta chumvi. Askari wa Wadachi walikuwa wakiwakagua wanaume majeraha. Wakaona kovu, wakabonyeza, wakagusa kitu kigumu. Risasi, wakasema, huyu mwasi. Akafungwa bomani angoje kitanzi.

Mwahija akamfuata.

"Baba, huo ni mfupa," alimwambia askari wa mlangoni. "Kovu ni la chale."

"Wote mnasema chale, mama."

Basi akapandisha nguo mbele ya wanaume wale, akawaonyesha goti lake. Wakaangua kicheko.

"Kumbe mlipigwa wote wawili! Mliahidiwa risasi zitageuka maji, zenu zimegeuka mifupa?"

Daktari wa Kidachi akatoka kutazama kelele za nini. Akaubonyeza uvimbe wa Mwahija. Mkalimani akaeleza: kwa mkono tu hawezi kujua, mpaka achane, na dawa yake haipotezi kwa mtu wa kunyongwa.

"Achane wangu," Mwahija akasema. "Akikuta risasi, tunyongwe sote. Akikuta mfupa, aniachie kaka yangu."

Akachanwa. Watu husimulia kwamba hakutoa sauti. Mwenyewe aliniambia alipiga mayowe mpaka koo likakauka. Kikatoka kipande cha mfupa. Daktari akamtuma askari mbio akazuie kitanzi, naye akarudi akitembea polepole. Mfaume alikuwa amenyongwa wakati dada yake yuko mezani.

Bibi alichechemea maisha yake yote. Nilipomaliza chuo cha uuguzi nilikwenda kumwona, nikamwambia nilichofundishwa, nikidhani namfariji: uvimbe wa namna ile ni wa mfupa wenyewe, mara nyingi hauna madhara, mtu huzeeka nao.

Akapapasa kovu chini ya goti lake.

"Ni kweli, mjukuu wangu," akasema. "Haukumuuma hata siku moja."