Umeme wa Kaka

Kaka yangu alirudi kutoka vita vya Uganda mzima wa mwili, na Kariakoo nzima ikatupongeza. Pongezi zile zilikuja kuniudhi. Gunia likishushwa kwa kishindo dukani kwa baba, kaka tayari yuko chini ya kaunta, mikono kichwani. Baba alisema ni uchovu wa safari tu. Lakini mficha maradhi kilio humfichua, na kilio cha kaka usingizini kilisikika hadi nyumba ya tatu.

Hospitali wakaamua atibiwe kwa umeme wa kichwani. Mtaa ukapata la kusema. Jirani mmoja, mama mtu mzima kabisa, alikataa kumpa mkono mpaka yeye mwenyewe avae kandambili, asije akapigwa shoti. Kaka alicheka mpaka akakohoa. Nilikuwa nimekisahau kicheko chake.

Na kweli akaanza kulala. Ila asubuhi moja, akinywa chai, akauliza, "Mama bado hajatoka kanisani?"

Mama alifariki wakati yeye yuko vitani. Aliporudi tulimwambia, akalia, akanyolewa nywele kama ilivyo desturi yetu watu wa Kilimanjaro. Sasa umeme ulikuwa umeifuta habari hiyo yote. Baba akamwambia upya, naye akalia kama mtu aliyefiwa asubuhi ile ile. Kwa kukosa la kufanya, baba akafunga duka, tukatandika mikeka, majirani wakarudi kutupa pole. Msiba mmoja, matanga mara mbili. Nilimchukia daktari, nikaichukia hata mikeka yenyewe.

Alipopelekwa tena hospitali, ikawa vile vile: akarudi mtulivu, akamwulizia mama, akaambiwa, akalia. Safari hii baba naye alilia.

"Basi, mwanangu," akasema. "Kule huendi tena. Heri tuvumilie kelele zako kuliko kukufishia mama yako kila mara."

Kaka akataka kujua ana maana gani. Tukamweleza yote: alivyouliza, alivyoambiwa, alivyolia, na kwamba hii haikuwa mara ya kwanza. Alisikiliza huku akijifuta machozi kwa kiganja.

"Baba, nipelekeni tu," akasema. "Nikitoka kule, mama anakuwa hai mpaka mnaponiambia."