Asubuhi Ambayo Sikuifungua Bunduki

Watu wakiniuliza kwa nini niliacha kazi ya ulinzi, huwa nasema ni miguu. Kusimama kutwa nzima kunaumiza miguu, nasema, nao wanakubali upesi na tunahamia kwenye habari nyingine. Leo naandika sababu yenyewe.

Nilizaliwa Usinge, kwenye nyumba ya wakulima wa tumbaku. Nilipomaliza mafunzo ya mgambo nilikuja Tabora mjini, nikapata kazi ya kulinda ghala la mfanyabiashara mmoja wa asili ya Kihindi, mtaa wa nyuma ya soko. Aliuza saruji, mabati na misumari. Tulikuwa walinzi wawili. Mimi nilishika zamu ya mchana, na usiku alilinda mzee mmoja, mgambo wa siku nyingi, mtu wa kanisani, mwenye umri wa kunizaa. Bunduki ilikuwa moja, mali ya tajiri, ya zamani, yenye mitutu miwili. Ilikuwa ya kufunguka katikati: unasukuma kijiko cha juu, kile kichuma cha kufungulia, kwa dole gumba, mitutu inainama, unaona matundu mawili. Kukiwa na risasi utaona vitako vyake vya shaba. Kusipokuwa na risasi utaona mwanga upande wa pili. Hata mtoto wa chekechea angejua tofauti.

Mzee ndiye aliyenifundisha. Wiki yangu ya kwanza alinisimamisha uani, akanifanya niifungue na kuifunga bunduki ile mpaka vidole vikaota malengelenge.

"Bunduki haina rafiki, binti," aliniambia. "Ukipewa, fungua. Ukitoa, fungua. Hata akikupa padri, fungua."

Utaratibu wetu ulikuwa mfupi. Saa kumi na mbili asubuhi nafika, namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba. Ananiwekea risasi mbili kiganjani, nazitia kwenye mkoba wa mkanda. Kisha ananipa bunduki, naifungua mbele yake, natazama, naifunga. Tajiri alikuwa ameagiza kwamba bunduki ikae tupu, na risasi zitiwe pale tu hatari inapokuwa mlangoni.

Tulifanya hivyo kwa miezi kadhaa. Siku moja, wakati naifungua, mzee akacheka kicheko kisicho na furaha.

"Mwanangu, bado unanikagua?"

"Ni utaratibu tu, baba. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Nilifundisha mwanafunzi. Sasa umeshakuwa mlinzi. Au unaniona nimezeeka, sijui ninachokupa?"

Aliyasema hayo mbele ya mama aliyeuza chai ng'ambo ya barabara, ambaye alikuwa ametuletea vikombe vyetu. Yule mama akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyemjibu mkubwa. Niliona aibu. Kwetu hukifunui chungu cha mkweo kutazama kilichopikwa, unasubiri upakuliwe. Kesho yake sikuifungua, na mzee akanipigapiga begani. Tangu siku hiyo hadi ile asubuhi sikuifungua tena hata mara moja, na kila siku niliyoacha kuifungua nilijiona nimezidi kuwa binti mwenye adabu.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya kiangazi, yenye upepo wa baridi na vumbi. Mzee alikuwa na macho mekundu. Alisema usiku mbwa walibweka sana na alisikia mtu akitembea juu ya mabati. Alinipa bunduki.

"Na risasi?" nikauliza.

"Zimo ndani ya koti. Ngoja ninawe uso kwanza, nitakupa."

Akaenda bombani. Nilipaswa kuelewa pale pale. Mtu aliyesikia nyayo juu ya paa hakai na risasi mfukoni, anazitia ndani. Lakini nilikuwa nimeshazoea kutofikiri. Niliingia kwenye kibanda chetu cha walinzi, nikaiegemeza bunduki ukutani kama kila siku ili nifunge vizuri kamba za buti. Sakafu ilikuwa ya saruji laini, na upepo ulikuwa umeipaka vumbi. Kitako cha bunduki kikateleza. Niliiona ikienda, nikanyoosha mkono, nikaikosa. Ilianguka chini mitutu ikielekea mlangoni, na ikalia.

Masikio yalinijaa mluzi. Kibanda kilijaa moshi, na kwa muda kidogo nilidhani ni mimi niliyepigwa, kwa sababu nilikuwa nimekaa chini na sikumbuki nilikaaje. Moshi ulipopungua nikaona ng'ambo ya barabara birika limepinduka juu ya jiko, chai inamwagikia makaa. Mama chai alikuwa ameanguka ubavu nyuma ya benchi lake. Hakupiga kelele. Alikuwa ameshika mguu wa kushoto, chini ya goti, kwa mikono yote miwili, kana kwamba anazuia usiondoke. Marisau, zile golori ndogo zinazojaa ndani ya risasi ya aina ile, zilikuwa zimempiga kwa pamoja, na sehemu ile haikuwa tena na umbo la mguu.

Nilivuka barabara mbio. Nilivua mkanda wangu nikamfunga juu ya goti, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Hapo ndipo alipolia. Mzee alikuja maji yakimdondoka usoni. Alinitazama, akaitazama bunduki iliyolala kibandani, akatia mkono kwenye mfuko wa koti. Nilimwona akipapasa. Akatia mkono mfuko wa pili. Uso wake ukabadilika, nami nikajua kwamba ameshajua.

"Umefanya nini, binti?" akasema. Alisema kwa sauti kubwa, ili watu waliokuwa wanakimbilia wasikie.

Mama chai alipelekwa hospitali kwa bajaji. Mimi na mzee tulipelekwa polisi. Tulikaa kwenye benchi moja, tukaitwa mmoja mmoja kuandika maelezo. Mzee alianza. Alipotoka hakunitazama. Nilipoingia, askari alinisomea alichosema: kwamba alinikabidhi bunduki tupu na risasi mbili mkononi kama ilivyo desturi, na kwamba yeye hakujua nilizitia ndani kwa sababu gani.

"Si kweli," nikasema. "Alisema risasi zimo kwenye koti."

"Uliziona kwenye koti?"

"Hapana."

"Uliifungua bunduki ulipopewa?"

Askari hakuwa mtu mbaya. Alisubiri kalamu ikiwa mkononi.

"Hapana," nikasema mwishowe. "Sikuifungua."

Akaandika hilo. Nadhani hilo ndilo alilolihitaji, na mengine yote yalikuwa maneno ya mtu mmoja dhidi ya mwingine. Nililala mahabusu siku nne.

Nilitumaini mama chai atasema. Alikuwa hapo, mita chache tu, na alimwona mzee akienda bombani. Lakini kwenye maelezo yake alisema alikuwa amegeuka kuchochea moto, na kwamba alichokijua ni kuwa bunduki ililia kwenye kibanda nilimokuwa mimi. Hilo lilikuwa kweli tupu. Siku ya tisa madaktari walimkata mguu chini ya goti. Tajiri alilipia matibabu, akaisalimisha bunduki, akatuachisha kazi wote wawili siku moja. Aliniambia, "Mama, mimi niliamini nyinyi mnajua."

Mahakamani nilipatikana na hatia ya uzembe. Sikufungwa ndani, nilipewa adhabu ya kutumikia jamii, na kazi niliyopangiwa ilikuwa kufagia uwanja wa hospitali asubuhi kwa mwaka mmoja. Hakimu hakukosea. Nilipokea silaha bila kuitazama, nikaiegemeza ukutani kama ufagio. Ninachomlaumu mtu mwingine ni kwamba iliandikwa nusu yangu peke yake. Nusu ya pili ilirudi nyumbani kwa miguu yake yote miwili, ikaendelea kuongoza sala za jumuiya.

Mama chai alikuja kusafishiwa kidonda kila Jumatatu na Alhamisi. Alikaa upande wa Kipalapala, na mwanawe wa kike alimleta kwa baiskeli mpaka getini, kisha akaingia kwa magongo. Njia ya kwenda chumba cha vidonda ilipita pale pale nilipofagia. Wiki za kwanza nilijificha nyuma ya tangi la maji. Halafu siku moja nilijilazimisha kubaki. Nikauweka ufagio chini, nikapiga goti.

"Shikamoo, mama. Nisamehe."

Alisimama, akahema, akaweka magongo sawa.

"Marahaba," akasema. "Inuka, usinichafulie nguo na vumbi lako."

"Mama, sikuzitia mimi zile risasi. Mzee alizisahau ndani."

"Najua," akasema. "Nilimwona anapapasa koti lile. Mimi nilikuwa chini, lakini macho yangu hayakukatwa."

"Basi kwa nini hukusema?"

"Ningesema, mguu ungerudi? Yule ni mzee, angefia jela. Wewe bado kijana. Na bunduki ilikuwa kwako, mwanangu. Yeye alisahau, wewe hukutazama. Nani kati yenu alikuwa macho asubuhi ile?"

Akapita. Nimelitafuta jibu la swali lile miaka yote hii, na kila ninalolipata linanichoma zaidi kuliko lililotangulia. Nilimchukia kwa kunyamaza kwake. Namchukia bado, siku nyingine, nikikumbuka zile siku nne za mahabusu. Halafu nauona upande wa sketi yake unavyoning'inia, najionea kinyaa kwa kumchukia.

Mzee sikuwahi kumfuata. Alituma mkewe mara moja kuniambia kwamba anaumwa na anataka kuniona. Nilimjibu mkewe kwamba nina kazi. Alipona, nasikia. Sijui alitaka kuniambia nini, na sitaki kujua.

Siku hizi nashona nguo Isikizya. Mwaka jana nilikwenda Usinge kumsalimia kaka yangu, ambaye shamba lake limepakana na msitu na nguruwe pori wanamlia mahindi. Nilipoingia sebuleni nikaona gobore limetundikwa juu ya kochi, mtutu ukielekea kitanda walichokuwa wanachezea watoto.

"Kaka, hilo lina baruti ndani?"

"Hamna kitu. Kaa, unywe uji."

"Lishushe unionyeshe. Au toa fataki ya kuwashia baruti, ulipeleke stoo na ulifungie."

Akacheka, akamtazama mkewe. "Dada, umekuja kunikagua nyumbani kwangu?"

Nilisimama. Niliwaambia watoto wavae viatu. Kaka aliacha kucheka, akasema ninamdhalilisha mbele ya familia yake, kwamba yeye ndiye mkubwa, kwamba mambo yangu ya Tabora niyaache Tabora. Niliwachukua watoto watatu nikavuka nao hadi kwa jirani, tukakaa huko mchana kutwa tukimenya karanga. Jioni mama yao alikuja kuwachukua, uso umekunjamana, akaniletea begi langu likiwa limefungwa tayari.

Nililala kwa jirani, na alfajiri nikapanda basi. Kaka hajanipigia simu tangu wakati huo. Kama gobore lile lilikuwa tupu au lilikuwa limejazwa, sijui hadi leo, kwa sababu hakukubali kulishusha.