Picha ya Mguu Wangu

Harufu ya spiriti hunirudisha kwenye ile meza baridi ya eksrei, kule Kitui. Kidonda cha mguu wangu kilikuwa kikitoa usaha tangu kabla sijaanza shule. Nyumbani Ikutha walisema shangazi ameniroga, wakamfukuza.

"Usitingishike," mwanamume wa eksrei aliniambia, akafunga mlango. Nilibaki peke yangu gizani, mguu umebanwa kwa mifuko ya mchanga, nikiogopa hata kupumua.

Baadaye daktari aliinua picha dirishani. "Kipande hiki cha mfupa kimekufa, kimefungiwa ndani ya mfupa mzima. Tutakitoa."

"Kwa hivyo si kurogwa?" Mama aliuliza.

"Ni ugonjwa, mama."

Mama aliketi sakafuni. "Sasa shangazi yako tutampata wapi?" akaniuliza.