Wakili Aliyekataa Chama

Siku yangu ya kwanza kazini, Wakili alinipokea mlangoni mwa ofisi yake ya Kitengela, juu ya duka la dawa za mifugo. "Karani mzuri," akaniambia, "anajua faili iko wapi, na anajua kunyamaza." La kwanza lilinichukua wiki moja. La pili nilijifunza kupita kiasi.

Nyinyi vijana mmezoea kila kitu kwa simu. Sisi tulibeba makaratasi hadi korti ya Kajiado, tukapiga foleni ya muhuri, tukaomba tarehe ya kutajwa kwa kesi, yaani siku ya jaji kuuliza tu mmefika wapi. Vumbi mpaka kwenye kope. Nililalamika kila siku, na leo kazi hiyo naitamani sana.

Sasa, bila kuwa mwanachama wa chama cha mawakili, wakili hapati leseni ya mwaka ya kusimama kortini. Ni lazima, upende usipende. Wakili wangu alikuwa amekosana na mwenyekiti wa tawi letu, na mwaka huo akakataa katakata kujiandikisha. "Chama cha kulazimishwa si chama," alisema, akasukuma fomu kwangu, nikaitia kwenye mkoba wa faili. Nilijua tuko na kesi ya Yeyo Naserian, yaani Mama Naserian kwa Kimaasai, mjane ambaye shamba lake la malisho shemeji yake alitaka kuliuza. Nilijua, na nikanyamaza.

Siku ya kesi, amri ya kuzuia shamba lisiuzwe ilikuwa inaisha. Wakili akasimama kuomba iongezwe. Wakili wa shemeji alikuwa ameshatafuta jina la wakili wetu kwenye orodha ya wenye leseni.

"Mheshimiwa, msomi mwenzangu hana leseni mwaka huu."

Jaji alimwangalia kwa huruma. "Basi siwezi kukusikiza. Keti nyuma."

Akaja kuketi kando ya Yeyo. Nilishikwa na aibu.

Mwenyekiti alikuwa hapo akingoja kesi yake. Akainuka polepole. "Mheshimiwa, mama akikubali, nitamsimamia mimi leo." Yeyo akakubali, na amri ikaongezwa.

Tulipotoka nje, Yeyo akamuuliza Wakili, "Huyo ni ndugu yako?"

"Hapana, Yeyo. Ni mwenyekiti wa chama chetu, kile nilichokataa kujiandikisha. Hata hatusalimiani."

"Kumbe na nyinyi mko na rika," akasema. "Mzee wangu hakuchagua rika lake, wale waliotahiriwa pamoja naye. Wengine hakuwapenda hata kidogo. Lakini ng'ombe wetu walipoibwa, walikuja wote. Wewe ulitoroka rika lako, na shamba langu liko mkononi mwako?"

Wakili aliniomba fomu, akatia sahihi hapo hapo kwenye ngazi za korti.

Nimestaafu sasa, niko na mbuzi wangu, na mabishano ya vyama nimewaachia wenyewe. Yeyo bado analisha kwa shamba lake. Si mimi niliyemwokoa, na inaniuma. Aliyemwokoa ni mtu ambaye mimi na Wakili tulimsengenya kila asubuhi tukinywa chai.